Krilin na Kipimo cha Nguvu: Hila, Werevu na Busara katika Dragon Ball

Katika hadithi za mapigano, mhusika dhaifu hupewa kwa kawaida mojawapo ya kazi mbili: kuchekesha au kufa. Akichekesha, msomaji hupumzika kati ya pigano moja na jingine. Akifa, shujaa hupata sababu ya kukasirika. Krilin, mhusika wa Dragon Ball, kazi ya Mjapani Toriyama Akira, amefanya yote mawili, na kufa amekufa zaidi ya mara moja. Ndiyo maana watazamaji wengi humkumbuka kama mtu wa pembeni, anayesimama nyuma ya Goku akitokwa na jasho. Makala haya yanadai kwamba kumbukumbu hiyo ni haki kwa nusu tu. Kuna sehemu ndefu ya kazi hiyo ambamo mtunzi alimtumia Krilin kuhoji kipimo kilekile cha nguvu alichokuwa amekibuni mwenyewe. Na kuna sehemu nyingine, baadaye, ambamo mtunzi aliliacha swali hilo bila kulijibu.

Dragon Ball ilichapishwa katika jarida la kila wiki Shōnen Jump kuanzia 1984 hadi 1995, ikajaza juzuu 42. Kampuni ya Toei iliigeuza kuwa katuni za televisheni: Dragon Ball (1986–1989) na Dragon Ball Z (1989–1996). Toriyama alifariki Machi 2024. Watazamaji wa Kifaransa waliijua kwa televisheni tangu 1988, na kwa vitabu tangu 1993. Tahajia ya Krilin imetoka huko, kwani Wajapani husema Kuririn. Ndani ya jina hilo mna neno kuri, lenye maana ya tunda dogo gumu la mviringo ambalo Wafaransa huliita marron, nalo lafanana kweli na kichwa kilichonyolewa cha mtawa mchanga. Mtunzi hakuusahau utani wake: miaka mingi baadaye binti wa Krilin aliitwa Marron.

Kiswahili kina maneno matatu yanayofaa kumchunguzia mhusika huyu, nayo hayalingani kwa maana. Hila hukusudia kumdanganya mwenzio. Werevu huona upesi kile ambacho mwingine hajakiona. Busara hupima matokeo, hata yale yatakayomwangukia mwenye kupima. Krilin anaingia katika hadithi akiwa na la kwanza tu. Anafika kisiwani kwa mwalimu Kamé Sennin akiwa amebeba magazeti ya picha za aibu, kama rushwa ya kupokelewa. Mwalimu anapolitupa jiwe porini na kutangaza kwamba atakayeshindwa kulirudisha atalala na njaa, Krilin anaokota jiwe lolote na kuliandika alama mwenyewe. Mwalimu anautambua mwandiko. Hatimaye anampokonya Goku jiwe la kweli kwa ulaghai, anakula, na Goku anakosa. Chakula kilikuwa samaki mwenye sumu, kwa hiyo waliokula wakaugua na mwenye njaa akaamka mzima. Kichekesho hicho ni hukumu pia: hila imempatia mshindi ugonjwa wa tumbo.

Msomaji wa ngano za Kiswahili atamkumbuka Sungura mara moja, na hapa mlinganisho unakubalika. Baadaye haukubaliki. Sungura habadiliki toka ngano moja hata nyingine. Anayemdanganya Fisi leo atamdanganya Simba kesho, na tumbo analolishibisha ni lake. Krilin anabadilika, na kubadilika kwake ndiko kunakostahili kuhakikiwa.

Hatua ya pili inaonekana katika mashindano ya Tenkaichi Budōkai. Katika shindano la kwanza wanaloliingia wanafunzi hao wawili, Krilin anakabiliana na Bacterian, mtu mchafu ambaye silaha yake ni uvundo. Krilin anaanguka, karibu anashindwa, mpaka Goku anampigia kelele kumkumbusha kwamba hana pua. Ni kweli: mchoraji hakumchora pua. Wazo hilo hakulipata Krilin mwenyewe, na haifai kumpa sifa isiyo yake. Lakini katika shindano linalofuata amekwisha kujifunza. Chaozu anamtia maumivu ya tumbo kwa nguvu ya akili, akiielekeza kwa vidole vya mikono. Krilin, akiwa amejikunja kwa maumivu, anamtupia hesabu rahisi ya kujumlisha na kutoa. Chaozu hawezi kuhesabu bila vidole. Anavikunja ili apate jibu, nguvu inakatika, na Krilin anampiga. Hakuna udanganyifu hapo: swali ni swali la kweli na jibu lipo. Mpiganaji ameona kwamba mpinzani wake anahitaji viungo vilevile kwa kazi mbili, naye akamlazimisha kuchagua. Huo ni werevu, tena wa daraja la juu, kwa kuwa umepatikana katikati ya maumivu.

Jambo zito zaidi linaanza pale ambapo hadithi inaingiza skauta. Hicho ni kifaa kinachovaliwa jichoni, ambacho humsomea mvaaji nguvu za mapigano za yeyote aliye mbele yake kwa tarakimu. Raditz, wa kwanza kufika nacho duniani, anampima mkulima mwenye bunduki na kupata 5. Kifaa hichohicho kinapompima Krilin kinatoa 206. Katika sayari ya Nameki, Frieza anajitangazia 530,000. Hata baada ya mzee wa Nameki kuziamsha nguvu zilizolala ndani ya Krilin, pengo lilibaki kubwa kiasi kwamba kupigana kwake na Frieza hakukuwa na maana yoyote ya kihesabu. Wasomaji wengi waliishia hapo: wakazikariri tarakimu, wakaanza kubishana juu yake kama wafanyabiashara wanavyobishana juu ya bei.

Lakini kazi yenyewe, ikisomwa kwa makini, inakidhihaki kifaa hicho. Wafuasi wa Frieza hawajui kuihisi ki, yaani nguvu ya uhai. Wanajua kusoma tu. Wanafunzi wa Kamé Sennin hawana kifaa, lakini wamefundishwa kuihisi ki ya wengine na kuishusha ya kwao mpaka isionekane. Kule Nameki, Krilin na mtoto Gohan wanaishi kwa ujuzi huo. Wanajificha nyuma ya miamba huku wakiwahesabu maadui wanaopita angani, nao maadui wenye macho ya mashine hawaoni kitu. Yaani tarakimu ndogo imegeuka kuwa ngao. Mwenye nguvu amekwisha kuzoea kwamba kisichopimika hakipo, na katika zoea hilo mna nafasi ya kutosha mtu mfupi kupita. Hakuna mhusika mwingine anayeipita nafasi hiyo mara nyingi kama Krilin.

Mbinu yake kuu inaitwa Kienzan. Jina hilo limeundwa kwa vipande vitatu, ki, en (duara) na zan (kukata): ni duara jembamba la nguvu, linalozunguka kama msumeno wa mviringo na kurushwa. Fikra iliyomo ni ya mtu anayejua kwamba hana uzito. Mbinu nyingi za kazi hii ni za kusukuma: miali miwili inakutana, na mwenye nguvu zaidi anashinda. Krilin hawezi kushinda katika kusukumana. Anachukua nguvu chache alizo nazo na kuzikusanya kwenye ukingo mwembamba. Kila anayenoa panga anaielewa kanuni hiyo: mkono ni uleule, lakini makali hufanya kisichofanywa na ubapa. Nappa, jitu lililowaua wenzake, linaliona duara hilo na kutaka kulipokea kwa kifua. Vegeta ndiye anayepiga kelele kumwambia alikwepe, na hata hivyo linamchana shavu. Kelele hiyo ya Vegeta ni ushahidi bora kuliko tarakimu zote. Mtu anayeitukuza nguvu ameungama, bila kutaka, kwamba iko namna ya kumdhuru mwenye nguvu isiyotokana na wingi wa nguvu.

Frieza hakupata wa kumwonya. Amekwisha kumchoma Krilin kwa pembe na kumtupa majini. Sasa anamkanyaga Gohan kichwani. Krilin, aliyeponywa na mtoto Dende, anarusha Kienzan na kuukata mkia wa mfalme huyo. Kisha anakimbia, Frieza akimfuata kwa hasira, na anapokaribia kukamatwa anageuka na kumpofusha kwa Taiyōken, ‘ngumi ya jua’, mbinu aliyoiazima kwa Tenshinhan. Wakati Frieza akipapasa gizani, Dende anamponya Gohan. Ikipimwa kwa madhara, kazi yote hiyo ni ncha ya mkia. Ikipimwa kwa muda, ni uhai wa mtoto mmoja. Toriyama anachora kurasa hizo kwa umakini mkubwa, bila kichekesho, na hapa ndipo ustadi wa mhusika na ustadi wa mtunzi vinapokutana: pigano linasomeka kama mfululizo wa maamuzi, kila uamuzi ukitoa nafasi kwa mtu mwingine kufanya kazi yake.

Wapo watakaosema kwamba mchango mkubwa wa Krilin kule Nameki ulikuwa kufa kwake, kwa kuwa Frieza alipomrusha hewani na kumlipua, Goku alikasirika na kugeuka Super Saiyan. Hoja hiyo ina ukweli kuhusu muundo wa kisa, lakini inamgeuza mtu kuwa kuni. Ikikubaliwa, yote yaliyotangulia, yaani kujificha, kukata, kupofusha na kukimbia, yatakuwa kungoja tu. Inafaa kuona pia kwamba ni hoja ya mwenye skauta: inauliza nguvu ilipanda kiasi gani, na nani aliipandisha.

Hatua ya tatu, ile ya busara, ndiyo inayogawanya wasomaji. Tayari kwenye vita dhidi ya Vegeta, Krilin alikuwa amesimama juu ya adui aliyelala, upanga wa Yajirobe mkononi, naye Goku akamwomba amwache aende. Akamwacha. Vegeta alikwenda Nameki na kuua kijiji kizima. Miaka michache ya hadithi ikapita, na Krilin akapewa chombo kilichotengenezwa na Bulma cha kumzima Namba 18, mwanamke aliyegeuzwa nusu mashine, ili Cell asije akammeza na kukamilika. Anamkaribia vya kutosha. Kidole kiko tayari. Badala ya kubonyeza, anakiweka chombo chini na kukivunja kwa mguu. Cell anafika, anammeza Namba 18, na dunia inakaribia kuangamia.

Kwa hesabu ya vita hilo lilikuwa kosa, na wanaomlaumu hawakukosa sababu. Mtu aliyeishi kwa kuona nafasi ameiona nafasi bora kuliko zote akaikataa. Lakini ni vigumu kusoma tukio hilo kama udhaifu wa moyo tu. Krilin ndiye pekee kati ya wapiganaji hao anayejua kwa mwili wake maana ya kuwa mdogo mbele ya mwenye chombo. Alipokuwa na hila, asingesita. Alipokuwa na werevu tu, labda asingesita pia. Baada ya Cell kushindwa, analiomba joka Shenron liwarudishe Namba 17 na Namba 18 katika ubinadamu; joka linashindwa; basi anaomba yaondolewe mabomu yaliyofichwa miilini mwao. Hakujiombea chochote. Namba 18 ndiye atakayekuwa mama yake Marron.

Kasoro ni ya mtunzi. Baada ya Nameki, mbinu zinapungua na ngazi za nguvu zinaongezeka. Skauta inatoweka machoni mwa wahusika lakini inabaki kichwani mwa kisa. Krilin anaacha kuwa mtu wa kuamua pigano. Mbele ya Majin Buu anawaambia wenzake wakimbie, anabaki nyuma ili kuwanunulia muda, anageuzwa chokoleti na kuliwa. Nao wenzake wanaliwa baada yake. Tendo ni lilelile la Nameki, lakini sasa muda ulionunuliwa haumfai mtu. Pale Nameki kisa kilimwitikia; hapa kimemnyamazia.

Mwaka 2017, katika Dragon Ball Super, waandishi walijaribu kulipa deni hilo. Katika shindano la wapiganaji 80 kutoka malimwengu manane, Krilin anakutana na Majora, kipofu anayepigana kwa kunusa. Anavua kiatu chake kinachonuka na kukirusha. Pua ya Majora inakifuata kiatu, na Krilin anamtoa uwanjani. Mtu asiye na pua aliyeokolewa na kutokuwa na pua sasa anamshinda mwenye pua kali, na mtazamaji wa zamani anafurahi kukumbuka uvundo wa Bacterian. Safari hii hakuna aliyempigia kelele kumkumbusha. Wazo ni lake mwenyewe. Akiwa bado anashangilia, Frost anampiga kutoka nyuma, naye anakuwa wa kwanza kutolewa katika kundi lake.