Sadfa au Mkataba? Neno Juu ya Mti wa Mzee South

Katika semina moja ya riwaya ya Kiingereza nilisimama nikasema, kwa kujiamini kabisa, kwamba The Woodlanders ya Thomas Hardy (1887) imeharibiwa na sadfa. Mzee John South anauogopa mti ulio mbele ya nyumba yake; daktari anaamuru ukatwe; mzee anaona mti haupo, haichukui muda anakufa. Mara Giles Winterborne, ambaye wala si mwanawe, anapoteza nyumba zake, na kwa kupoteza nyumba anampoteza Grace. "Mtunzi kaishiwa mbinu," nikasema. Wenzangu wakacheka, hoja ikapita. Leo naomba niirudishe mwenyewe, maana nilikosea.

Kosa langu lilikuwa kuhakiki fani bila kuuliza ardhi ni ya nani. Nyumba za Giles zilishikwa kwa mkataba wa roho: yanaandikwa majina ya watu, kwa kawaida watatu, na mkataba unadumu maadamu mmoja wao anapumua. Roho ya mwisho ilikuwa ya South. Hardy hakuubuni mkataba huu.

Turudi nyuma, Uingereza ya karne ya 18. Maaskofu, mabaraza ya makanisa makuu na vyuo vya Oxford na Cambridge walimiliki milki nyingi za vijijini. Sheria za enzi ya Malkia Elizabeth wa Kwanza, mojawapo ya mwaka 1571, ziliwazuia kukodisha kwa zaidi ya miaka 21 au roho tatu. Aliyekodi milki nzima alikuwa bwana mbele ya wanakijiji, akikusanya kodi zao, lakini mbele ya kanisa alikuwa mpangaji tu. Kodi yake ya mwaka ilikuwa ndogo, imeganda tangu zamani. Fedha yenyewe ilikuwa kwenye kilemba: miaka 7 ikipita, au roho moja ikizimika, analipa kwa mkupuo ili muda urudishwe au jina jipya liingizwe. Kulikuwa hata na majedwali ya kukokotoa vilemba hivyo, yaliyochapishwa mwaka 1686 na baadaye kuuzwa kwa jina la Isaac Newton.

Sasa tazama mchezo wenyewe. Kilemba kiliingia mfukoni mwa askofu aliyepo, si wa atakayemrithi. Askofu mzee alikuwa na haraka ya kufanya mkataba upya. Mwenye afya aliweza kukataa, akingoja roho za mpangaji ziishe kabla ya yake. Mpangaji naye aliandika majina ya watoto, kwa tumaini kwamba wataishi muda mrefu. Jamani, katika nyumba kama hiyo mtoto akikohoa, ni mkataba unaokohoa.

Mtu atasema: mwenye ardhi katika riwaya ni Bi. Charmond, si askofu. Kweli. Lakini kanuni ni ile ile, kifo cha mmoja kinamfukuza mwingine. Tena Hardy anairudia katika Tess (1891): baba Durbeyfield anafariki, familia inatolewa nje. Mtunzi anayelirudia jambo hivyo hajaishiwa, anasisitiza. Kile nilichokiita sadfa ni sheria iliyokwisha andikwa na kutiwa saini kabla riwaya haijaanza.

Hata hivyo simwachii Hardy hivi hivi. Anamwacha Bi. Charmond abebe lawama kama mwanamke mwenye moyo mgumu, na msomaji anatoka akimchukia mtu mmoja badala ya kuuona mfumo mzima, uliozilisha taasisi tukufu kwa karne nyingi. Angekuwa na moyo mwema, je, Giles angekuwa salama? Angekuwa salama mpaka roho nyingine izimike, basi.

Kwa hiyo ndugu zangu wa semina, tutakapokutana tena na kifo "cha ghafla" katika riwaya za Waingereza, kabla ya kumcheka mtunzi tuulize kwanza: marehemu alikuwa ameandikwa kwenye karatasi ya nani?