Tumaini na Tamaa katika Biblia ya Kiswahili ya 1952

Tafsiri ya Biblia iliyotolewa mwaka 1952, ijulikanayo kwa jina la Union Version, ilikusudiwa kuwaunganisha wasomaji wa tafsiri ya Kiunguja na wale wa tafsiri ya Kimvita. Kwa hiyo hupimwa mara nyingi kwa sarufi na lahaja yake. Lakini kitabu cha imani hakina budi kupimwa kwa jambo jingine pia: je, champa mtu aliyeshindwa maneno ya kumwezesha kusimama tena?

Kiswahili kina maneno mawili yaliyo karibu, nayo yote mawili asili yake ni Kiarabu. Tumaini limetoka katika shina lenye maana ya kutulia na kuwa na yakini. Tamaa katika shina lenye maana ya kutaka sana. Mwenye tumaini ametua. Mwenye tamaa angali akinyosha mkono. Usemi uliozoeleka wa kufa moyo ni "kukata tamaa", nao wafasiri wameutumia katika Waraka wa Pili kwa Wakorintho, mlango wa 4, Paulo anapokana kwamba amekata tamaa. Lakini katika Waraka wa Yakobo, mlango wa 1, tamaa hiyo hiyo ndiyo mama wa dhambi. Kosa si la wafasiri, maana lugha yenyewe ndiyo iliyowafunga. Hata hivyo msomaji hujifunza hapa kwamba tamaa haiwezi kuubeba mzigo wote wa mtu aliyevunjika moyo.

Katika Luka, mlango wa 24, wanafunzi wawili waendao Emau wamsimulia mgeni habari za mategemeo yao yaliyokwisha kufa. Kitenzi kilichotumika ni kutumaini, tena katika wakati uliopita wa kuendelea, kama ilivyo katika Kiyunani. Mtu angeweza kudai kwamba waliyokuwa nayo ni tamaa tu ya ukombozi wa taifa lao. Wafasiri wamefanya vyema kutowahukumu hivyo kabla ya kisa kwisha. Msikiaji hulisikia tumaini lililokuwa likienda, likakatika njiani, wala haambiwi kwamba lilikuwa la bure.

Penye udhaifu ni Warumi, mlango wa 5, ambapo dhiki huleta saburi, saburi uthabiti wa moyo, na uthabiti huo tumaini. Methali ya Waswahili yasema subira yavuta heri. Heri hiyo iko nje ya mtu, naye huingoja ifike. Kwa Paulo, saburi humbadili kwanza mwenye kusubiri. Neno la Kiyunani, dokimê, lina maana ya hali ya kitu kilichojaribiwa kikaonekana kuwa cha kweli, kama madini yaliyopita motoni. "Uthabiti wa moyo" wataja uimara peke yake, na moto umeachwa nyuma. Mtu wa namna ya Petro, aliyemkana bwana wake mara tatu, hajioni humo, kwa kuwa aliyeanguka hakuwa thabiti. Lau wazo la kujaribiwa lingalibakizwa, angalitambua kwamba njia hiyo ni yake pia.

Hasara hiyo yafidiwa na neno lifuatalo. Tumaini, wasema wafasiri, "halitahayarishi". Kutahayari ni kuona haya mbele ya watu, nako ndiko hasa kumchomako aliyetumaini hadharani kisha asipate. Hapa Kiswahili cha pwani kimeligusa jeraha lenyewe.

Historia ya kazi ya kutafsiri yatoa mfano wa jambo hilo. Johann Ludwig Krapf alifika Mombasa mwaka 1844, na mwaka huo huo akafiwa na mkewe Rosina na mtoto wao mchanga. Aliendelea kufasiri Maandiko, wala hakuvuna waumini wengi. Alifariki mwaka 1881. Biblia nzima ya Kiswahili ilitoka mwaka 1891, kwa mikono ya wengine. Kwa kipimo cha tamaa, alikosa. Kwa kipimo cha tumaini, hakutahayarika.

Wafasiri wajao na waihifadhi tofauti ya maneno haya mawili, nao waurudishe moto katika mlango wa 5 wa Warumi.