Riwaya Iliyovuliwa Maneno: Juu ya Sinema ya "Vuta N'kuvute"

Riwaya ya Bwana Adam Shafi, Vuta N'kuvute, iliyopigwa chapa mwaka 1999, ni kitabu cha maneno mengi, na nasema hivyo kwa kuisifu. Watu wake hawanyamazi. Hata siasa humo hupita kinywani kabla ya kufika mikononi. Basi Bwana Amil Shivji alipoifanya sinema mwaka 2021, wapenzi wa kitabu walikuwa na haki ya kuuliza maneno yote hayo yatakaa wapi katika picha ya saa moja na nusu.

Mengi hayakukaa popote. Na hilo peke yake si kosa: Kenneth MacMillan alipoitoa ngoma yake ya Manon, London, mwaka 1974, kutoka riwaya ya Abbé Prévost, hakuwapa wachezaji hata neno moja, wala hadithi haikufa. La kuuliza ni kitu gani kimepewa kazi ya maneno yaliyoondolewa.

Hapa nina shaka yangu. Katika kitabu, Yasmin ni msichana aliyeozwa Bwana Raza, mtu wa kumzaa. Anamkimbia, jamaa zake wanamfungia mlango, Mwajuma wa Ng'ambo ndiye anayempokea. Denge, mpigania uhuru, anakuja baadaye. Maana yake ni kubwa: binti huyu alikimbia kabla hajawa na wa kumkimbilia. Katika sinema macho ya Denge na ya Yasmin yanakutana usiku ule ule anapopelekwa kuozwa. Ni mwanzo wa kupendeza, lakini umemnyang'anya Yasmin kitu. Tangu hapo kila hatua yake inaweza kudhaniwa ni ya mapenzi, na uasi wake, ambao Bwana Adam Shafi aliujenga pole pole kwa upweke na karaha, unakuwa mkopo kutoka kwa mwanamume.

Shaka ya pili ni uzuri. Mji Mkongwe ni mzuri mno kwa kamera: kuta zenye ukungu, vichochoro, taa ya kandili. Watazamaji wa Toronto, walioiona kwanza mwezi wa Septemba 2021, huenda waliridhika na uzuri huo. Mtu wa Unguja anaona zaidi. Anayepita Forodhani anajua kuwa bustani ile, inayonukia pweza wa kuchoma leo, ilifunguliwa mwaka 1936 kwa heshima ya Sultani Khalifa. Na anajua kuwa sehemu ya Beit el Ajaib, hapo jirani, iliporomoka tarehe 25 Desemba 2020. Kwake ukuta ni shahidi. Picha inautumia mara nyingi mno kama pambo, na Ng'ambo, ambako kitabu kinapata pumzi yake, inabaki pembeni.

Lakini yuko Mwajuma. Ameigizwa na Siti Amina, ambaye ni mwimbaji kweli, na hapo sinema inalipa deni lake. Tangu Siti binti Saad kurekodiwa Bombay mwaka 1928, taarabu imekuwa mahali pa mwanamke wa Unguja kusema hadharani lile ambalo barazani angekatazwa. Mwajuma anapoimba, Yasmin yu kando anasikiliza, na uso wake unatuambia kurasa kadhaa za riwaya bila ya Denge kuwapo.