Ufundi wa Kupunguza

Kompyuta kuukuu inapofikishwa kwa fundi hapa Webuye, mara nyingi mwenyewe ameshaamua inaugua nini. Imekuwa nzito, basi iongezwe RAM. Imeongezwa na bado inajikokota, basi ibadilishwe prosesa. Fundi mwenye haraka ya pesa hatabishana naye. Kipande kipo kwenye droo, bei inajulikana. Sifa zangu leo ni za fundi wa aina nyingine, yule anayechukua bisibisi na kusema: hebu kwanza tutoe.

Chukua mashine ya Pentium iliyojengwa juu ya chipseti ya Intel 430TX, ya mwaka 1997. Madabodi yake inapokea RAM hadi megabaiti 256, na jambo hilo limeandikwa waziwazi kwenye kijitabu chake. Kisichoonekana kwa urahisi ni kwamba kashe iliyo kwenye madabodi hiyo inahudumia megabaiti 64 za kwanza tu. Kashe ni kumbukumbu ndogo yenye kasi inayokaa karibu na prosesa, kama sukuma ambayo mama mboga amekwisha kuikata na kuiweka mezani ili asikimbie shambani kila mteja anapofika. Ukivuka 64, kila kinachohifadhiwa huko juu hakina meza. Tena Windows 95 na 98 zina tabia ya kuanza kutumia RAM kutoka juu kushuka. Kwa hiyo mtu ananunua megabaiti 64 zaidi, anazipachika, skrini inamhesabia 128 bila kusita, na kompyuta inakuwa nzito kuliko jana. Fundi akichomoa kile kipande, mashine inachangamka. Jaribu kumweleza mteja kwamba umemtengenezea kwa kumpunguzia!

Ndiyo maana fundi huyu haamini maandishi ya skrini. Katikati ya miaka ya 1990 ziliuzwa madabodi za 486 ambazo chipu zake za kashe zilikuwa plastiki tupu yenye miguu, na BIOS, programu inayoiamsha mashine, imepikwa ili itangaze kashe isiyokuwepo. Programu ndogo ya kupima kasi ya kumbukumbu iliuumbua uongo huo kwa dakika chache. Werevu wa namna hii hauletwi na cheti. Huletwa na kuwahi kuona kitu kinachosema hivi kikitenda vile.

Prosesa nazo zina mitego yake. Pentium MMX inaingia vizuri kabisa katika soketi ya Pentium ya kabla yake, lakini kiini chake kinataka volti 2.8. Ikipewa 3.3 na madabodi isiyojua kuzitenganisha volti, inapata joto kupita kiasi, na siku moja haiamki. Celeron za kwanza za 1998 zilikuja bila kashe ya ngazi ya pili, na aliyezinunua kwa kutazama megahezi pekee aliambulia namba nzuri na kazi ya kuchosha. Miezi michache baadaye Intel ikatoa Celeron 300A yenye kilobaiti 128 za kashe ndani ya kipande kimoja na prosesa, na hiyo inasifiwa hadi leo.

Mashine nyingi za aina hii zilifika Kenya zikiwa zimetumika kwingine, ofisini Ulaya au Marekani. Shirika la Computers for Schools Kenya, lililoanzishwa 2002, lilizikarabati na kuzipeleka shuleni. Nyingine zilikuja kama mitumba ya biashara. Kila moja ilikuja na siri zake: jampa iliyosogezwa na mkono usiojulikana, betri ya BIOS iliyokufa na kufuta mipangilio, vumbi juu ya vumbi. Mashine ikikwama ovyo, fundi wetu huingia kwenye BIOS na kuzima kashe ya nje, ile ya kwenye madabodi. Ikitulia, japo kwa mwendo wa kinyonga, ameshajua pa kuchimba. Isipotulia, anaiwasha kashe tena na kuendelea na kingine. Kimoja kwa wakati mmoja. Akibadilisha viwili pamoja hatajua kipi kilichoponya.

Napenda kufikiri mji huu unauelewa ufundi huo. Kiwanda cha karatasi cha Panpaper kililea watu waliosikiliza mashine kabla ya kuzifungua, mpaka kilipofungwa 2009. Labda ni mapenzi ya mwenyeji tu.

Linalobaki ni malipo, na hapo ndipo penye ugomvi. Mteja hulipia kipande bila neno. Akiambiwa alipie saa nzima ya kuzima, kuchomoa na kupima, anaona ameibiwa. Kwangu mimi saa hiyo ndiyo kazi yenyewe, na nitailipia. Ile RAM iliyochomolewa haikuwa mbovu. Fundi anamrudishia mwenyewe ndani ya bahasha na kumwambia aitafutie Pentium II, ambayo kashe yake imo ndani ya kasha la prosesa, wala haikomei kwenye 64.