Safari ya Bangor: Furaha ya Mnyonge na Thamani Yake

Ziko nyimbo ambazo wahakiki huzipita upesi kwa sababu tu umma umezipenda mno. Mojawapo ni "Day Trip to Bangor" wa bendi ya Fiddler's Dram, kutoka jimbo la Kent, Uingereza. Wimbo huo ulitungwa na Debbie Cook, ukaimbwa na Cathy Lesurf, ukatolewa katika santuri ndogo mwaka 1979. Na mapema mwaka 1980 ulifika nafasi ya tatu katika orodha ya santuri zilizouzwa sana nchini humo. Bendi iliyozoea kupiga muziki wa jadi vilabuni ikajikuta mbele ya kamera za televisheni. Je, wimbo unaouzwa kwa wingi kiasi hicho huacha kuwa wa watu?

Tuanze na maudhui yake. Kikundi cha marafiki kinakwenda matembezi ya siku moja pwani ya Wales. Wanakula njiani, wanatembea ufukoni, wanasikia tarumbeta, wanakunywa chai. Jioni wanarudi wakiimba, chupa ya pombe ya matofaa ikipita mkononi. Hapana tukio kubwa. Wapo watakaosema kwamba huu ni upuuzi, kwani haututajii kiwanda wala bwanyenye. Sisi hatukubaliani nao. Siku ya mapumziko ya mfanyakazi haikushuka kutoka mbinguni: nchini Uingereza sheria ya sikukuu za mabenki ilipitishwa mwaka 1871, na ile ya likizo yenye malipo ilisubiri hadi mwaka 1938. Anayeimba furaha ya siku hiyo anaimba tunda la madai ya muda mrefu.

Tena, mwimbaji hasahau kututajia gharama: safari yote haikufika pauni moja. Hapa ndipo penye uzito wa wimbo. Mwaka 1975 bei za vitu Uingereza zilikuwa zimepanda kwa zaidi ya asilimia 20 katika mwaka mmoja, na wimbo ulipovuma maisha yalikuwa bado ghali. Bei hiyo, basi, ilikwisha kuwa kumbukumbu. Ndiyo maana wimbo wote umo katika wakati uliopita, na mwimbaji humwuliza mwenzake kama anakumbuka. Chini ya kicheko pana majonzi.

Kwa upande wa fani, mdundo wake ni wa magurudumu yanayozunguka, na kiitikio chake hushikwa na mtu yeyote baada ya kukisikia mara moja. Kasoro yake ni moja: mji wenyewe hauonekani. Bangor, mji wa kanisa kuu na chuo kikuu kilichoanzishwa mwaka 1884, hausifiki kwa fukwe za mchanga. Ungeweza kubadilishwa jina, na wimbo usipungukiwe na kitu.

Bendi haikupata tena wimbo uliovuma hivyo. Baadhi ya wanamuziki wake waliendelea katika kundi lililokuja kuitwa Oysterband, likadumu kwa miongo kadhaa. Basi soko halikuua jadi. Lilichukua wimbo mmoja tu, na watu wakabaki nao. Sanaa ya umma haipimwi kwa uchache wa wanunuzi wake. Hupimwa kwa swali moja: anayeuimba wimbo, je, anajiona ndani yake? Aliyewahi kuhesabu senti zake kabla ya kupanda basi hatakosa jibu.