Kipaza Sauti: Uhakiki wa Istilahi Moja Yenye Kazi Mbili

Mara nyingi istilahi hupimwa ikiwa imekaa peke yake katika orodha: upande huu neno la kigeni, upande wa pili neno la Kiswahili. Ikiwa umbo lake ni la Kibantu, matamshi yake ni mepesi, na maana yake yaelekea kufanana na ile ya neno la kigeni, basi hupitishwa. Makala haya yanadai kuwa kipimo hicho hakitoshi. Istilahi ya ufundi hapana budi ipimwe pia siku chombo kinapoharibika, kwani ndiyo siku ambayo mtu mmoja humwelekeza mwenziwe kwa maneno matupu, na neno lenye maana mbili huwa hasara.

Mfano wangu unatoka Liparamba, kata iliyokuwa katika Wilaya ya Mbinga na ambayo sasa imo katika Wilaya ya Nyasa, karibu na mpaka wa Msumbiji. Mwalimu mmoja wa huko, niliyekuwa mgeni wake, alibadilishiwa ubao mkuu wa kompyuta baada ya ule wa zamani kuchakaa. Kompyuta iliwaka vizuri, ikawa na kasi kuliko kwanza, lakini haikutoa sauti. Masomo ya kusikiliza aliyowarekodia wanafunzi wake yakawa hayana faida. Akampigia simu fundi aliyeko Mbinga mjini.

“Shikamoo, mwalimu. Kipaza sauti umekichomeka wapi?”

“Marahaba. Nimekichomeka penye alama ya kipaza sauti.”

“Basi hapo ni sawa. Kitakuwa kimekufa. Tafuta kingine.”

Mwalimu akatafuta kingine kwa fedha zake, na kompyuta ikabaki bubu. Siku ya pili fundi akabahatika kuuliza rangi ya tundu. Akajibiwa kuwa ni ya waridi. Hapo ndipo kosa lilipofahamika. Tangu mwongozo wa PC 99, uliotayarishwa na Microsoft na Intel mwishoni mwa miaka ya 1990, tundu la kijani katika kompyuta nyingi ni la kutolea sauti, na la waridi ni la kuingizia sauti ya msemaji. Fundi alikuwa akisema juu ya chombo kinachotoa sauti. Mwalimu alikuwa ameiona picha ya chombo kinachopokea sauti, chombo ambacho naye, kwa haki kabisa, alikijua kwa jina la kipaza sauti. Kila mmoja alisema Kiswahili fasaha, wala hakuna aliyemdanganya mwenziwe. Aliyewapoteza wote wawili ni istilahi.

Si vigumu kuona asili ya jambo hili. Kupaza sauti ni kuinua sauti isikike mbali. Katika mkutano wa hadhara, msikilizaji aliona kitu kimoja tu: msemaji anaongea hapa, umati unasikia kule. Chombo kilichoshikwa mkononi, mtambo uliokuza sauti na bomba lililotundikwa mtini vilikuwa vyombo vitatu, lakini kazi yao kwa msikilizaji ilikuwa moja, na jina moja likatosha. Kwa uwanja wa mkutano istilahi hiyo ilikuwa njema. Kompyuta imevitenganisha vyombo hivyo na kuvipa matundu mbalimbali. Nasi tumeendelea kuviita kwa jina lile lile.

Yaweza kusemwa kuwa Kiswahili kina maneno mengi yenye maana zaidi ya moja, na muktadha huyatenga. Ni kweli, lakini tutazame jinsi yanavyotengwa. Tuna Spika wa Bunge, tuna na spika ya redio. Tukisema “Spika amenyamaza” na “spika imenyamaza”, upatanisho wa kisarufi umekwisha kutuonyesha nani anayezungumziwa. Vipaza sauti vyetu viwili vimo katika ngeli moja ya KI-VI. “Kipaza sauti kimenyamaza” ni sentensi isiyo na msaada wowote ndani yake. Na kwa kuwa vyombo vyenyewe hukaa juu ya meza moja, hata muktadha hausaidii.

Kasoro hiyo haiko katika neno hili tu. Baada ya waya kuhamishiwa tundu la kijani, sauti haikuja bado. Fundi akasema, “Kiendeshi hakipo.” Mwalimu akajibu kuwa kipo, anakiona. Fundi alikusudia ile programu inayouwezesha mfumo wa kompyuta kuitumia sehemu mpya ya sauti. Ubao ulipobadilishwa, programu ya ubao wa zamani haikufaa tena. Mwalimu alifahamu kiendeshi cha diski. Maana zote mbili zinatumika, nazo zimo katika ngeli moja. Programu iliyotakiwa ilipowekwa, wanafunzi wakasikia somo lao.

Najua hoja itakayotolewa dhidi yangu. Desturi yetu ya kuunda istilahi ni kutafuta kwanza ndani ya Kiswahili chenyewe, kisha katika lugha za Kibantu, na kukopa nje baadaye. Kwa desturi hiyo, kipaza sauti ni mwana wa nyumbani, na spika ni mgeni. Naiheshimu desturi hiyo, lakini lengo lake ni kumfanya mwananchi aelewe. Neno la nyumbani lisilomwezesha mwalimu wa Liparamba kujua waya uingie tundu gani halijatimiza lengo hilo, na neno la mkopo linalotimiza limekwisha kupata uraia.

Kwa hiyo napendekeza mambo matatu. Kwanza, katika maandishi ya kompyuta, chombo kinachotoa sauti kiitwe spika; kinachopokea kiitwe maikrofoni; na mtambo wa kuongeza nguvu ya sauti uitwe kikuza sauti. Kipaza sauti kibaki mkutanoni kilikozaliwa. Pili, kiendeshi kiachiwe diski, na ile nyingine iitwe programu ya kifaa, kama vile programu ya kifaa cha sauti. Ni jina refu kidogo, lakini halina mshirika. Tatu, kabla ya kupitishwa, kila istilahi itiwe katika sentensi ya hitilafu, kwa mfano “hakionekani”, “haitoi sauti”, “umekichomeka wapi?”, kisha isomwe kwa mtu asiyeviona vyombo vyenyewe. Akiuliza “kipi?”, istilahi irudishwe kwa waundaji.

Wafasiri watalalamika kuwa kazi itaongezeka, na malalamiko yao ni ya haki. Lakini kazi isipofanywa mezani kwetu itafanywa na mwalimu, kwa fedha zake, mbali na fundi. Yeye hakukosea Kiswahili. Alikitumia kama tulivyomfundisha.