Pampu Iliyoiba Nafasi ya Redio

Kila aliyeitazama The Boy Who Harnessed the Wind (2019) anaikumbuka shoti ile: mapanga yanazunguka, pampu inavuta, maji yanafika kwenye matuta na familia inaokoka na njaa. Ni kosa, tena la makusudi. Chiwetel Ejiofor, aliyeandika, akaongoza na kumwigiza baba, aliing'oa pampu mahali pake akaifanya kilele.

William Kamkwamba, kijana halisi ambaye filamu inasimulia kisa chake, aliposimamisha mtambo wake wa upepo kule Wimbe, Kasungu, mwaka 2002, mavuno mapya yalikuwa yameshaivunja njaa ya Malawi. Mtambo uliwasha redio na balbu. Mwaka 2007 alipouelezea jukwaani Arusha, ule wa kuvuta maji ulikuwa bado ndoto. Hesabu nayo inakataa. Dainamo yake ya baiskeli ilikuwa ya wati 12. Kwa kisima cha mita 10, upepo usilale na nguvu isipotee hata chembe, wati hizo zinapandisha kama lita 10,500 kwa siku. Hekta moja ya mahindi kiangazi inaweza kunywa lita 50,000 kwa siku.

Linaloniuma zaidi ni maana ya uamuzi huo: kwamba ufundi wa mtoto maskini hauna thamani mpaka uokoe kijiji. William alianza kwa kufungua redio mbovu kwa sababu alitaka kujua sauti inatoka wapi. Hakuwa na chuma cha kulehemu. Alitia waya mnene kwenye makaa mpaka ukawa mwekundu. Hakuwa na drili. Alichomeka msumari kwenye gunzi la hindi, akauchoma motoni, akatobolea plastiki. Vizibo vya chupa vikawa washa. Hamu hiyo inatosha kubeba filamu nzima.

Nimelalamika miaka mingi: kijana wa Kiafrika akishika bisibisi tu, muziki unapanda na mhariri anaanza kukata. Mwaka 1956 mwongozaji Robert Bresson alimpa mfungwa wa filamu yake kijiko, akatuachia muda wa kukiona kikinolewa sakafuni kuwa patasi, kisha mbao za mlango zikibanduliwa mmoja mmoja. Hakuna aliyechoka. Kwa nini mikono ya Wimbe isipewe subira hiyo?

Si kwamba filamu haina sifa: Maxwell Simba, kijana wa Kenya, anamwigiza William vizuri mno, Dick Pope amelipiga vumbi picha kwa heshima, na Kichewa kimeachwa kinasikika.

Lakini tukio la redio kuwaka kwa kimtambo kidogo cha majaribio limo humo humo ndani ya filamu, na Ejiofor analipita mbio akiikimbilia pampu. Lingekuwa kilele, baada yake tungeingia chumbani kwa William: swichi za raba ya ndala, waya zilizoleta hofu ya moto chini ya paa la nyasi, na kikata-umeme alichokibuni kwa misumari iliyozungushiwa waya wa shaba, na sumaku katikati. Hizo ni dakika kumi za sinema ambazo hazikupigwa.